Lori la Rimoti Lililopeleka Vikuba

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya rafu ya spika, nikiitazama saa ya ukutani ili nisitazamane na mteja.

Ndivyo nilivyofanya kazi miezi yangu ya kwanza, wadogo zangu. Mteja akiingia mlangoni, mimi naingia nyuma ya rafu. Mjomba Shee alikuwa akiwaambia watu kwamba karakana yake ina mwanafunzi mmoja na jini mmoja, na wote wawili ni mimi.

Sasa naondoka. Nina miaka kumi na tisa, na mtu kustaafu na miaka kumi na tisa ni kichekesho, najua. Lakini nyinyi wawili, Zuhura na Maimuna, ndio mtakaokaa kwenye benchi langu mimi nikienda chuo cha ufundi, na mdomo wangu hauniamini. Kalamu angalau imenizoea. Kwa hivyo someni, na pale nitakapojisifu rukeni mstari.

Aliyeingia Jumamosi ile ni Bi Swafiya, jirani yetu wa kichochoro cha pili hapa Mji wa Kale. Babu zake walitoka Hadhramaut, lakini yeye mwenyewe hajavuka kivuko ila kwenda Lamu na kwenda Makka. Alisimama kati ya redio mbovu kama mtu aliyekuja kuzikagua.

"Masalkheri, Shee."

"Masalkheri, Bi Swafiya. Karibu kiti."

"Sikai. Nataka lori."

"La mchanga?"

"Usinifanyie mzaha, nina harusi. Lori la rimoti. Ninayo matatu stoo. Ndugu yangu wa Dubai aliwaletea wanangu walipokuwa wadogo, wakayaendesha hapo kichochoroni, yakalia kama pikipiki iliyokanyagwa mkia. Mtaa mzima ulinija juu. Halafu yanywa mafuta yake yenyewe, si petroli wala si dizeli. Yalipokwisha, Mombasa nzima hakuna."

"Mafuta ya naitro hayo," alisema Mjomba.

"Jina lake silitaki. Binti yangu aolewa. Siku ya kupamba nataka lori moja lipite katikati ya wanawake, limebeba vikuba vya asumini, liende mpaka kwa bibi harusi. Lakini moshi sitaki, na kelele sitaki. Ukumbi utakuwa wanukia udi, usije ukanuka gereji."

Mjomba alikuna ndevu. "Litolewe injini, litiwe mota ya umeme. Yawezekana. Lakini Bi, ukumbini kwenye kupamba, kwa wanawake watupu, mimi siingii. Ataliendesha nani?"

 Kisha uso wa Bi Swafiya ukatokea pembeni ya rafu, ukanitazama.

"Si huyu hapa?"

Nilitamani sakafu inimeze na spika zake.

Jioni mama yangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Mnamjua mama. Alikuwa hapendi mimi kukaa karakana. Alikwisha kukubaliana na shangazi kwamba nikauze leso dukani kwake Biashara Street. Duka lile si duka, ni uwanja wa maneno. Mteja akiuliza jina la leso unamsomea, akikataa bei unamchekesha, akiondoka unamwita kwa jina la mamake. Mimi ningekufa siku ya kwanza kabla ya adhuhuri.

"Sikiza, Mwanakombo," mama aliniambia akichambua mchele. "Harusi ni Jumapili ya wiki ya pili. Lori likifika kwa bibi harusi, kaa na mjombako, sitasema tena. Lisipofika, Jumatatu yake wenda dukani kwa shangazi. Mtu hawezi kuogopa watu na kazi pia ikamshinda."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa bei yangu. Ili nibaki kwenye benchi ambapo hakuna anayenitazama, ilinibidi nisimame mahali ambapo wanawake wote wa mjini watanitazama.

Siku ya pili tukaenda stoo kwa Bi Swafiya. Mjomba aliyapanga malori matatu sakafuni, akachuchumaa, akaniambia, "Haya. Chagua."

Sikilizeni hapa vizuri, maana mtaletewa magari ya namna hii, na mteja atawaonyesha lile analolipenda.

La kwanza lilikuwa jekundu, safi, linang'aa. Ukiivuta kamba ya injini, inazunguka laini. La pili jeusi, refu, lina gia mbili zinazobadilika zenyewe. La tatu, sijui niseme lilikuwa rangi gani. Lilikuwa rangi ya tope. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda juu yake kama asali, na injini imekwama kabisa. Kamba haivutiki hata ukiwekea mguu.

Nikaonyesha jekundu.

"Kwa nini?"

"Ni zima."

"Nini kizima?"

"Injini."

Mjomba akacheka mpaka Bi Swafiya akaja kuchungulia. "Injini ndiyo tunayoitoa! Sasa wewe wachagua mgonjwa wa kupasuliwa, wamchukua yule asiyeumwa? Mzima hapasuliwi, mwanangu. Mwache, siku moja atakuja mtu na mafuta yake, litembee."

Hilo la kwanza likae kichwani. Kwenye lori la kugeuza, injini usiitazame kabisa. Inakwenda kutupwa. Tazama vitakavyobaki: gia, ekseli, magurudumu, usukani, na bamba la chini linaloshika vyote. Mjomba alilipindua jekundu, akanionyesha kwamba viguu vya injini vimeyeyushwa pamoja na bamba vikawa kitu kimoja. Huwezi kuvisogeza. Ukiweka mota hapo, gia yake ndogo haitakutana sawasawa na gia kubwa. Ama itasaga meno, ama itayaruka.

La jeusi je? Lile nilidhani hawezi kulikataa, maana gia mbili ni bora kuliko moja. Alilisukuma kwa mkono haraka, gia ikaingia ya pili kwa kishindo, lori zima likastuka.

"Vikuba vyako viko wapi sasa?" aliniuliza.

"Vimemwagika."

"Vimemwagika mapajani kwa mama mkwe."

Tukabaki na lile la tope. Tulipolikwangua kwa mswaki na mafuta ya taa, chini yake bamba lilikuwa limenyooka kama rula. Viguu vya injini vilifungwa kwa skrubu nne kutoka chini, na matundu ya skrubu yalikuwa marefu kama maharage, kwa hivyo unaweza kusogeza mbele na nyuma. Gia kubwa haina jino hata moja lililovunjika. Yale mafuta yaliyoganda ndiyo yaliyolikinga na chumvi ya huku kwetu. Nikalipenda. Nakuambieni, tangu siku ile nikiona kitu kichafu sana natamani kujua kinaficha nini.

Mjomba hakuzaliwa na maarifa haya, msije mkadhani. Zamani aliigeuza cherehani ya fundi mmoja karibu na Marikiti, kutoka ya miguu ikawa ya umeme. Akachagua ile bora kuliko zote kibandani, akaitia mota ya pampu. Fundi wa watu akaikanyaga mara moja tu, ikashona kanzu ya mteja pamoja na shati alilovaa yeye mwenyewe. Mjomba akisimulia hivyo husema, "Nilijua mota. Cherehani sikuijua." Mimi husema hiyo ndiyo kazi yetu yote.

Mota tuliipata Liwatoni, kwa fundi anayetengeneza boti. Alikuwa na drili ya betri ambayo chumvi ilikula swichi yake. Kila mtu hufikiri drili ikifa imekufa yote. Si kweli. Swichi ndiyo hufa kwanza hapa pwani. Mota ndani ilikuwa na nguvu kama punda, na ina gia yake ndogo mdomoni, na kwa bahati meno yake yakalingana na yale ya lori. Betri ya drili tuliifungua tukazipima seli zake moja moja kwa taa ya tochi. Ile inayowasha taa kisha ikafifia haraka, itupe, hata ikiwa mpya. Moja mgonjwa huwalaza wenzake wote.

Na kuna hila moja ya kukutanisha gia ambayo lazima nikuachieni. Kata ukanda wa gazeti, upitishe katikati ya gia mbili, zibane pamoja, kaza skrubu, kisha zungusha gazeti litoke. Ule unene wa karatasi ndio nafasi ambayo gia zinaihitaji ili zipumue. Bila karatasi utakisia, na ukikisia utayasaga meno.

Sasa mwendo. Lori lilipokuwa la mafuta, sevo moja ilikuwa ikivuta kabureta. Sevo ni kile kimota kidogo kinachotii rimoti. Hatukuwa na kile kifaa cha elektroniki kinachouzwa siku hizi. Mjomba aliifanya sevo ileile isukume ulimi wa shaba juu ya vipande vitatu vya shaba. Kipande cha kwanza, umeme unapita kwenye koili ndefu tuliyoikata kutoka jiko bovu la umeme, lori linakwenda polepole. Cha pili, nusu ya koili. Cha tatu, moja kwa moja bila koili, na hapo lori linakimbia.

Mara ya kwanza nilichanganya nyaya za mota. Nikasukuma kitasa cha rimoti mbele, lori likatoka karakana kinyumenyume, likapita chini ya meza ya muuza mahamri na kumtokea upande wa pili. "Shee!" alipiga kelele, "mtoto wako wa chuma ametoroka!" Tangu siku hiyo nafunga uzi mwekundu kwenye waya kabla sijaufungua. Fanyeni hivyo nanyi.

Nilikuwa najua jambo moja ambalo Mjomba hakulijua, kwa kuwa yeye hajaingia kupamba maishani mwake. Kwenye kupamba, kila kinachopita hunyunyiziwa marashi. Watu, watoto, viti. Lori nalo lingenyunyiziwa. Kwa hivyo kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya rimoti nilikitia ndani ya puto la watoto, nikalifunga mdomo kwa mpira. Mjomba akaligeuzageuza, akasema, "Hili sikulifikiria," na mimi nililala na maneno hayo siku tatu.

Lakini lingine hatukulifikiria sote wawili. Lori tulilijaribu kichochoroni, Mjomba akisimama mwisho wake na mimi mwanzo wake, na kila mara nililiachia likimbie. Lilikimbia vizuri. Lilikuwa kimya kama paka. Tukapeana mikono.

Jumapili ikafika. Bi Swafiya aliweka kupamba mapema, baada ya alasiri, kwa ajili ya jamaa zake wa Lamu waliokuwa na safari. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka kwenye madirisha, mabuibui yamevuliwa, dhahabu zinang'aa, vyetezo vinafuka kila pembe. Bibi harusi alikaa mbele juu ya jukwaa, macho chini. Katikati palitandikwa mkeka mrefu mwembamba uwe njia ya lori. Mama yangu na shangazi walikaa safu ya pili. Shangazi alinipungia mkono kama mtu anayemwona mfanyakazi wake mpya.

Niliweka sinia ya vikuba juu ya lori. Asumini, mkadi, rehani, vyote vimefungwa kwa uzi. Nikaivuta antena ya rimoti.

"Ndiye huyu fundi?" mama mmoja aliuliza nyuma yangu.

"Huyu? Huyu ni mtoto wa Bi Mwanaidi, yule asiyesema."

"Basi aheri. Mafundi wanaosema ndio hawatengenezi."

Kinamama wa vugo, ile ngoma ya harusi, wakaanza kugonga pembe zao kwa vijiti, ta, ta-ta, ta, ta-ta, na Bi Swafiya akaniashiria. Nikasukuma kitasa kidogo. Lori likaondoka polepole, kwa heshima, kama mwendo wa arusi unavyotakiwa. Vigelegele vikapasuka. Wakalinyunyizia marashi kama nilivyotabiri, na puto langu likafanya kazi yake.

Lilipofika kama theluthi ya njia, nikaona moshi.

Mwembamba, wa buluu, ukitoka chini ya sinia. Nikafahamu papo hapo. Koili! Mwendo wa polepole ndio unaopitisha umeme wote kwenye koili, na koili ile ilikuwa ya jiko. Ilizaliwa kuchemsha. Kichochoroni tulikuwa tunakimbia, haikupata moto. Hapa, kwa mwendo wa arusi, nilikuwa nimewasha jiko chini ya maua ya bibi harusi.

"Mashallah!" mwanamke mmoja akasema. "Lori lina chetezo!"

"Udi gani huu? Mbona mkali?"

"Wa Dubai huo."

Nilimtazama mama. Yeye hakuwa akishangilia. Alikuwa ameuona uso wangu, na mama husoma uso wangu kama mwezi wa kalenda. Alijua kuna kitu kimeharibika.

Nikisimama, lori halikufika, na Jumatatu ni Biashara Street. Nikiendelea polepole, nyaya zitayeyuka. Nikilikimbiza moja kwa moja, koili haitapata umeme tena na itapoa, lakini lori litamgonga bibi harusi miguuni na vikuba vitaruka mpaka Kilindini.

Ta, ta-ta. Ta, ta-ta.

Sijui kama nilifikiri. Nadhani kidole ndicho kilichofikiri. Nilisukuma kitasa mpaka mwisho kwa mpigo mmoja wa pembe, nikakiachia. Lori likaruka hatua moja, likateleza, likapunguza. Mpigo mwingine, nikasukuma tena mpaka mwisho, nikaachia. Kila mara umeme ulipita moja kwa moja, bila koili. Moshi ukakonda. Lori likawa linakwenda kwa vipigo vya vugo, ta, linasonga, ta-ta, linasonga mara mbili, sinia ikitikisika kidogo tu kama bega la mchezaji.

Ukumbi ulikwenda wazimu. Nasema kweli. Wapiga vugo waliona lori linawafuata, wakalitania; wakakaza mpigo, nami nikakaza. Wakapunguza, nikapunguza. Bibi mmoja wa Lamu alisimama na fimbo yake akacheza kando ya mkeka, akiliambia lori, "Haya baba, haya, wenda kwenu!" Na bibi harusi, ambaye hakutakiwa kuinua macho, aliinua, akacheka.

Lori likasimama chini ya jukwaa. Vikuba vyote vilikuwemo. Asumini za pembeni zilikuwa zimenyauka kidogo kwa joto, na harufu yake, wallahi, ilizidi.

Nilipogeuka sikujua pa kuuweka uso wangu. Kitu kikaniangukia mabegani. Ilikuwa leso. Ya pili ikafuata. Hivyo ndivyo wanawake wetu humtunza mchezaji aliyewafurahisha, na mimi nilikuwa nimesimama tu na rimoti. Leso ya tatu alinitupia mama, akanifunga shingoni kwa mkono wake, akarudi kukaa. Nikamsikia shangazi akimwuliza, "Sasa kesho?" Na mama akamjibu, "Kesho tafuta mwingine."

Bi Swafiya alinikamata mlangoni. Alinong'ona, "Mwanakombo. Ule ulikuwa udi gani?"

"Wa waya, Bi."

"Nilijua." Alishika mdomo asicheke kwa sauti. "Usimwambie mtu. Kuna watu wameniuliza niliununua wapi."

Siku hizi, kama mlivyoona karakana, tunafunga vile vifaa vya elektroniki vya mwendo. Koili hatutumii tena. Mjomba aliponunua cha kwanza tulikifungua kukitazama, na alinieleza kinavyofanya kazi: kinaufungua umeme wote, kinaufunga, kinaufungua, haraka sana hata mota haijui. Hakipunguzi umeme, kinaukata vipande. Nikajifanya nafikiri. Nilikuwa natabasamu ndani. Msiziogope mbinu mpya, wadogo zangu. Zifungueni mtazame, mara nyingi ndani yake mna kitu ambacho mikono yenu imekwisha kukifanya. Na likija lori la kugeuzwa, mwulizeni mteja kwanza litakwenda kwa mwendo gani, na wapi, na mbele ya nani, kisha lijaribuni kwa mwendo huohuo, hata kama mtachoka kusubiri.

Asubuhi baada ya kupamba, Jumatatu, nilikwenda karakana kabla ya Mjomba. Nilitaka kuitoa ile koili iliyoungua niitazame peke yangu kwa utulivu. Nje nilimkuta mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu blenda imefunikwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Sabalkheri. Fundi yupo?"

"Sabalkheri, Bi. Mjomba hajaja bado. Kama waweza kungoja..."

"Shee simtaki." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Namtaka yule wa jana. Nimeiunguza blenda ya mke mwenzangu na hajui. Siwezi kumwambia mwanamume nilikuwa nikisaga nini."

Alitazama viatu vyangu. Nami nikatazama vyake. Nikagundua kwamba mwenzangu aliona haya kuliko mimi, na kwamba mmoja wetu ilibidi aanze.

Nikafungua kufuli, nikamwekea kiti ndani, mahali ambapo wapita njia hawamwoni. Nikaipokea blenda, nikainusa. Kaakaa likanichonyota.

"Karafuu, Bi?"

"Karafuu za kujisinga mwili, nimnukie bwana," alisema, na akaanza kucheka.

Nikaigeuza blenda juu chini juu ya benchi, nikamsogezea taa ili naye aone, nikaanza kulegeza skrubu ya kwanza.